Shikamoo, Kiatu

3 Machi, Jumanne

Mvua imeanza leo mchana, na mimi nimeanza kuandika. Sina wa kumwambia mambo yangu, basi nitaliambia daftari. Hata nikikosea, daftari halitanipeleka mbele ya wazee.

Nyumba hii ina watu wanne. Baba ni fundi viatu, na pia ni mmoja wa wazee wa kusanyiko letu. Mama anapiga pasi nguo za watu tangu asubuhi mpaka mkono ufe ganzi. Shangazi, dada yake Baba, alihamia kwetu alipofiwa na mumewe, na kazi yake ni kuona. Mimi nina miaka kumi na sita, nimemaliza shule, namsaidia Baba kwenye kibanda chake mbele ya nyumba.

Zamani tulikuwa watano. Mwaka jana Dada aliolewa na fundi wa majokofu, mtu wa nje ya kusanyiko. Waliandikishana ofisi ya serikali, bila wazee, bila sisi. Tangu hapo amewekwa kimya. Yaani hakuna mtu wetu anayeruhusiwa kumsalimia, kumjibu wala kula naye. Hapa nyumbani jina lake halitajwi kabisa. Mama mwenyewe ndiye aliyekitoa kikombe chake kabatini, uso mkavu, kama anatoa kikombe kilichopasuka. Sijamsamehe kwa hilo.

6 Machi, Ijumaa

Ijumaa ni siku ya kutubu. Baada ya kula kila mtu anasema kosa lake la wiki, na Baba anatuombea.

Shangazi huanza, na makosa yake siku zote ni ya watu wengine. Leo kasema, "Nimekosa kwa kumkasirikia jirani, ambaye kwa kweli ni mvivu, ni mmbeya, na kuku wake hawana adabu." Mama akasema, "Nimekosa kwa uchovu." Husema hivyo hivyo kila wiki, kama anasoma tarehe ya leo.

Zamu yangu ikafika, na mimi makosa yameniishia. Nitakosea wapi, na nani, saa ngapi? Nikasema nililitazama gari la mkate kwa tamaa.

Baba akauma mdomo asicheke. "Mkate wenyewe ulikuwa wa moto?"

"Wa moto, Baba."

"Basi umesamehewa. Hata mimi nililiona lile gari."

Huyo ndiye Baba yangu. Hata ukijaribu kumchukia huwezi. Mama hakucheka. Alikuwa anakusanya sahani.

8 Machi, Jumapili

Mvua ilipiga bati la nyumba ya ibada hadi Mzee Mkuu hakusikika. Alichezesha mdomo muda mrefu, tukawa tunaitikia kwa kubahatisha.

9 Machi, Jumatatu

Nimeshinda kibandani. Baba ana tabia ya kuongea na viatu anapofanya kazi, wateja wanampendea hiyo. Anakigeuza kiatu, anakiambia, "Wewe bwana, huyu mwenyewe anakupeleka wapi mpaka unachanika hivi? Ungekuwa na miguu yako si ungemkimbia!" Leo mama mmoja amecheka mpaka akakaa chini. Baba ana maneno matamu kwa watu wote, na kwa ngozi na soli pia. Kuna mtu mmoja tu asiyepata neno lake.

11 Machi, Jumatano

Nimegundua kitu. Mvua ikipiga sawasawa juu ya bati, humu ndani unaweza kusema lolote na asisikie mtu. Leo nimesimama katikati ya chumba nikaliita jina la Dada kwa sauti yangu yote. Nimeliita tena. Koo liliniuma, lakini moyo ulitulia kidogo.

Nikatoka kwenda jikoni kuchota maji. Mama alikuwa anapiga pasi, midomo inamcheza. Anaomba. Mama huombea hata mashati ya watu. Laiti angemwombea binti yake.

14 Machi, Jumamosi

Chumba cha Shangazi kinavuja. Kwa hiyo amehamia chumbani kwangu, kwenye kitanda cha Dada. Mama ndiye aliyekitandika, na shuka safi, maana kila wiki hulifua shuka la kitanda hicho ingawa hakikuwa na mtu wa kukilalia. Usafi wa Mama unakaribia kuwa ugonjwa.

Shangazi anakoroma, halafu asubuhi anasema hakupata usingizi kwa sababu mimi nahema.

15 Machi, Jumapili

Leo nimeelewa kwa nini Baba siku hizi ananiuliza sana kuhusu ubatizo.

Mzee Mkuu ametangaza kwamba mwisho wa mvua, Jumapili ya mwisho ya Aprili, shauri la Dada litakatwa. Kimya ni onyo tu, kinaweza kuondolewa. Akikatwa, amekatwa. Hakuna wa nyumba yetu atakayekanyaga kwake tena, akiugua, akizaa, hata akifa. Na Dada ni mjamzito. Shangazi alimwona sokoni akaja kutuambia, kisha akatubu kwa kumwona.

Utaratibu wetu uko hivi: kwanza nyumba ya mhusika inasimama, na kila aliyebatizwa ananyanyua mkono. Mikono yote ya nyumba ikiwa juu, kusanyiko linafuata bila maneno. Mkono mmoja ukibaki chini, shauri linasimama mpaka mvua za mwaka ujao, na mwenye mkono huo anawekwa kimya muda wote huo, anakaa benchi la nyuma, anakula peke yake.

Baada ya chakula Baba aliniita kibandani. "Mwanangu, nataka ubatizwe mwezi huu. Nyumba yetu isimame siku hiyo ikiwa kamili."

"Ili tumkate Dada?"

"Ili arudi," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Mtu akikosa pa kurudi ndipo anapokumbuka nyumbani. Unadhani mimi sina moyo? Viatu vyake vya kwanza nilivishona mimi, vilikuwa vinaenea kwenye kiganja."

Anaamini anachosema. Hilo ndilo linaloniogopesha. Angekuwa mkatili ningejua la kufanya.

18 Machi, Jumatano

Lazima niandike.

Baba alikwenda kwenye kikao cha wazee, Shangazi kamfuata na mwavuli. Mimi nikabaki kibandani peke yangu. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Nikasikia mtu anaingia, anakaa kwenye kigoda cha wateja, anapumua kwa shida. Kuinua macho: Dada.

Tumbo lake kubwa. Uso umejaa. Miguu imevimba hadi viatu vilimwingia nusu, visigino vinaning'inia nje. Vilikuwa vile viatu vya ngozi ya kahawia alivyoshonewa na Baba alipomaliza shule. Akavivua, akavisukuma mbele yangu, hakusema neno. Anajua sheria kama mimi. Akinisalimia na mimi nikajibu, nimekwisha.

Tukakaa hivyo. Mtu nimelala naye chumba kimoja miaka yote, namkosa kila siku, yuko mbele yangu na siwezi kumwambia hata karibu. Kwa mlango wa nyuma nilimwona Mama jikoni, ametupa mgongo, pasi inakwenda na kurudi. Hakugeuka.

Nikakiokota kiatu kimoja, nikakigeuza kama Baba anavyofanya. Sijui ujasiri ulitoka wapi.

"Shikamoo, kiatu," nikakiambia.

Dada akaduwaa kidogo. Halafu akaitazama nyundo iliyokuwa mezani. "Marahaba," akaiambia nyundo. "Mbona umekonda hivi, nyundo? Hawakulishi?"

Nilicheka, nikaziba mdomo, machozi nayo yakaja hapohapo. "Wewe kiatu, huyo mwenye miguu hali yake ikoje? Anatendewa vizuri huko?"

"Nyundo, mwambie mwenzio kwamba mume ni mtu mwema. Anapika kuliko mimi. Tatizo ni mchana, akienda kazini. Nyumba inakuwa kubwa." Akainama, akanong'ona, "Na naogopa kuzaa, nyundo. Mama yangu yupo mitaa michache tu kutoka kwangu, na nitazaa kama yatima."

Kiatu kilikuwa kimelowa mikononi mwangu. Nikakiambia habari ya Aprili, na mikono ya nyumba, na ubatizo wangu. Kumbe alishasikia.

"Nyumba yote itanyanyua," akasema.

"Si yote," nikakiambia kiatu. "Sikiliza vizuri, wewe kiatu. Mkono wangu utabaki chini. Naapa."

Dada alinyoosha mkono akaigusa nyundo, akaipapasa mpini wake pole pole, kama vile alivyokuwa akinipapasa mgongoni nikiugua. Ndipo tukasikia sauti ya Shangazi mwisho wa mtaa, maana Shangazi hutangulia sauti kisha ndio anafika. Dada akainuka akatoka na malapa aliyokuwa nayo mfukoni, akaviacha viatu. Nikavipachika rafuni katikati ya viatu vya wateja.

Baba alipoingia aliangalia rafu mara moja tu. Anaujua kila mguu aliowahi kuushonea. Akavaa aproni yake akaanza kazi, na mchana kutwa hakuongea na kiatu hata kimoja.

20 Machi, Ijumaa

Siku ya kutubu. Shangazi kakosa kwa jirani, Mama kakosa kwa uchovu. Mimi nikasema gari la mkate.

Baba akanitazama. "Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Una hakika, mwanangu?"

Pembeni yangu Mama akaangusha kijiko, kikalia kwenye sakafu, Shangazi akaruka kama kaumwa na siafu, na maneno yakaishia hapo. Bahati tupu.

23 Machi, Jumatatu

Mvua. Viatu vya Dada vipo rafuni, Baba havigusi, wala havitupi.

29 Machi, Jumapili

Nimebatizwa. Maji yalikuwa ya baridi. Nilipoibuka watu wote walikuwa wanaimba, wananikumbatia, na sijawahi kujisikia mpweke namna ile. Baba alilia kwa furaha. Mama alinifunika taulo, akanikausha nywele kwa nguvu mpaka ngozi ikauma, akasema, "Usipate mafua."

Mama mwingine angesema kitu. Wangu kasema usipate mafua.

5 Aprili, Jumapili

Mvua ya mawe. Shangazi kasema ni hasira ya mbinguni kwa ajili ya jirani na kuku wake.

11 Aprili, Jumamosi

Shangazi kaniuliza mbele ya Baba kama nimejiandaa kwa siku ile. "Mkono wako uwe mwepesi, binti. Wenye mikono mizito tunawajua." Nikajitia hamnazo. Nikasema mkono wangu una gundi, naomba nikanawe.

Kila siku najizoeza. Nasimama chumbani, mikono chini, najisemea: hivyohivyo, usitikisike, kitakachokuja kije. Peke yangu ni rahisi sana.

19 Aprili, Jumapili

Imebaki wiki moja. Leo Mzee Mkuu amenishika bega mlangoni, "Binti wa nyumba imara." Watu wakatabasamu. Nikalitazama benchi la nyuma. Mwaka mzima pale. Mwaka mzima wa kula peke yangu, wa kumwambia Baba shikamoo asiitikie. Sikujua kwamba ninaogopa kiasi hiki. Nilipokiapia kile kiatu sikuwa nimefikiria itikio la Baba asubuhi, namna anavyosema "Marahaba, mama!" kana kwamba amenisubiri usiku kucha.

25 Aprili, Jumamosi

Mama kanipigia pasi gauni jeupe la kesho. Nilikuwa nimekaa jikoni namwangalia. Mvua ilikuwa kubwa kweli, midomo yake ikicheza kama kawaida. Aliponiona akaiweka pasi wima, akanisogelea, akaongea karibu na sikio langu.

"Kesho nyanyua mkono."

Nikamtazama. Sikuamini.

"Umenisikia? Baba yako akinyanyua, nyanyua. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

"Mama, ni mwanao!"

"Nyanyua mkono," akarudia, akageukia pasi yake.

Nimekuja huku nimelia hadi kichwa kinauma. Nilijua Mama ni mgumu, lakini sikujua ni jiwe. Mimi ningemlilia mwanangu hata akiwa na kosa kubwa kama nyumba. Simpendi Mama. Nimeandika, na sifuti.

26 Aprili, Jumapili

Nianzie wapi?

Tuliitwa tusimame. Baba, Mama, Shangazi na mimi, mstari mmoja, mbele ya watu wote. Mvua leo ilikuwa nyembamba, kila kitu kinasikika, hata kikohozi cha benchi la mwisho. Mzee Mkuu akasoma kosa la Dada. Kisha akasema, "Nyumba iseme kwa mikono."

Mkono wa Shangazi ulikuwa juu kabla hajamaliza. Baba akanyanyua wake taratibu, kama mtu anayebeba mzigo. Mimi mikono yangu ilikuwa chini. Nilikuwa nahesabu pumzi, kama nilivyojizoeza.

Baba akageuza uso akanitazama. Angenikasirikia ningeweza. Hakukasirika. Alinitazama kwa kubembeleza, kama mtoto anayeomba asiachwe. Watu wote wakanitazama. Nikakumbuka maneno ya Mama, nikajiambia, mbona hata aliyemzaa amekubali, mimi ni nani? Na mkono ukapanda. Niliuona unapanda. Nikafumba macho.

Dada, nisamehe. Niliapa na nikanyanyua.

Nikasubiri kusikia kusanyiko linanyanyua mikono, ule mchakacho wa nguo. Sikusikia. Nikasikia sauti ya Mzee Mkuu, "Na mama wa nyumba?"

Nikafumbua macho. Mama alikuwa amesimama, mikono ameishikanisha mbele, vidole vimekamatana mpaka vimekuwa vyeupe.

Mzee Mkuu alidhani hakusikia. Akapaza sauti, "Mama, nyumba inasema kwa mikono!"

"Nimesikia," Mama akasema. "Huyo nimemzaa mimi. Sinyanyui."

Hakulia, hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema nimekosa kwa uchovu. Baba mkono wake ulikuwa bado juu, amesahau kuushusha. Shauri limesimama mpaka mwaka ujao. Mzee Mkuu akatamka kimya juu ya Mama, na Mama akaokota mkoba wake akatembea katikati ya mabenchi yote mpaka la nyuma, akakaa, akanyoosha gauni magotini.

Na mimi nikabaki pale mbele, binti wa nyumba imara.

27 Aprili, Jumatatu

Mama amekula jikoni, sisi mezani. Asubuhi nilifungua mdomo kumwamkia, Shangazi akanikata jicho, nikaimeza ile shikamoo nzima nzima. Ni mara ya kwanza maishani siku kupita bila kumwamkia mama yangu.

29 Aprili, Jumatano

Nimeona jambo la ajabu, sijui nicheke au nilie.

Mama alimaliza kupiga pasi. Akapanga kwenye kikapu vitambaa vidogo vidogo vyeupe, vimenyooka, vimekunjwa vizuri. Nadhani vilikuwa vinashonwa chini ya pua zetu muda wote huu. Akavaa kanga yake nzuri, akajitwika kikapu, akapita sebuleni katikati yetu, akatoka nje.

Shangazi akafungua mdomo, akaufunga. Akamgeukia Baba. Baba akafungua mdomo, akaufunga. Nani atamuuliza anakwenda wapi? Hairuhusiwi kusema naye! Wamemfungia mdomo na wao wenyewe wamejifungia. Shangazi ilibidi auambie ukuta, "Loo! Wengine siku hizi wanatoka tu." Ukuta haukumjibu.

30 Aprili, Alhamisi

Mama hakurudi kulala. Baba kavaa shati lenye mikunjo.

1 Mei, Ijumaa

Mama karudi mchana, macho mekundu ya kukosa usingizi, na uso ambao sijawahi kuuona. Ananukia sabuni na maziwa.

Kwenye kutubu kiti chake kilikuwa kitupu. Shangazi kakosa kwa jirani, kama kawaida. Zamu yangu nikasema, "Nimekosa kwa kunyanyua mkono."

Shangazi akaguta, "Weee!" Baba hakuniuliza kama ni hilo tu. Aliinamisha kichwa akaomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kusikia, akaenda kukaa kibandani gizani.

2 Mei, Jumamosi

Mvua kubwa leo, labda ya mwisho. Bati likawa linanguruma. Nikaingia jikoni na sahani yangu ya chakula, nikafunga mlango.

Mama akatikisa kichwa, akanionyesha kwa kidole: toka. Sikutoka. Nilikaa sakafuni mbele yake.

"Ni mtoto wa kike," akasema mwishowe, sikioni mwangu. "Wote wazima."

Nikamkumbatia miguu. Nikamuuliza kwa nini aliniambia ninyanyue mkono. Nilimwambia jinsi nilivyomchukia, yote, hata ile sentensi niliyoiandika humu.

"Mkono mmoja ulitosha kusimamisha," akasema Mama. "Basi kwa nini waweke kimya wawili? Mimi nimeshazoea kutosemeshwa. Wewe bado mtoto."

"Na siku zote ulikuwa unaomba hapa, mvua ikinyesha..."

"Nani kasema naomba? Nilikuwa naongea na dada yako. Namwambia nimepika nini, nani kaleta nguo, wewe umekua kiasi gani. Ningemwambia saa ngapi nyingine, na hawa masikio yao?"

Kumbe. Miezi yote hiyo mimi chumbani namwita, yeye jikoni anamsimulia, ukuta mmoja katikati, kila mtu anajiona yuko peke yake. Nimemwonea Mama. Nimekaa naye nyumba moja sikumwona hata kidogo.

"Rudi mezani, watakutafuta," akasema.

"Mkono mmoja ulitosha kwa wazee, Mama. Kwenye chakula hautoshi."

Nikala palepale, na yeye akala.

3 Mei, Jumapili

Leo hakuna mvua hata tone. Nyumba ya ibada ilikuwa kimya, watu wanangoja Mzee Mkuu aanze. Mama alikuwa benchi la nyuma, peke yake. Mimi nilikuwa mbele, kati ya Baba na Shangazi.

Nikainuka. Shangazi akanivuta gauni, nikalinasua. Nikatembea katikati ya mabenchi mpaka nyuma, nikasimama mbele ya mama yangu, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Shikamoo, Mama."

Mama alinitazama kwa hasira kabisa, ile hasira ya mtu aliyeharibiwa mpango wake. Kisha mdomo ukamtetemeka.

"Marahaba, mwanangu."

Nikakaa. Mzee Mkuu akatamka kimya juu yangu, sikusikiliza vizuri. Nilikuwa nalitazama lile benchi la mbele. Baba alikuwa amekaa, pembeni yake nafasi mbili tupu, na Shangazi. Mabega yake yalikuwa madogo. Sikuwahi kufikiri kwamba katika nyumba yetu Baba anaweza kuwa mpweke kuliko sisi sote.

4 Mei, Jumatatu

Asubuhi jua kali, bati limenyamaza. Mama na mimi tulikuwa tayari na kikapu. Hakuna wa kutuuliza twendako.

Kutoka lazima upite kibandani. Baba alikuwa ameinama kazini. Mama akapita kwanza. Mimi nikasimama, maana nilikuwa nimeumia kutomwamkia tangu jana.

"Shikamoo, Baba," nikasema. Nilijua hataitikia. Nilitaka tu kusema.

Hakuinua uso. Mkononi alikuwa na kiatu cha Dada, kile cha kahawia. Mikanda yote ilikuwa mipya, mirefu, ya kufungia mguu uliovimba, na soli imewekwa nyingine laini. Cha pili kilikuwa mezani, kimeshakwisha. Baba akakigeuza kiatu, akakifuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Marahaba, mama," akakiambia kiatu.

Nikashikilia nguzo ya kibanda.

"Sasa sikiliza, wewe kiatu," akaendelea. "Ukifika huko, mwambie mwenye miguu asiikaze mikanda sana. Na huyo mdogo..." Akakiweka kiatu mezani pamoja na mwenzake, akavisukuma kuelekea kwangu, bado hanitazami. "Huyo mdogo, niletewe kipimo cha mguu wake."